Unataka kusomea mikrobiolojia ya chakula? Kijue chakula kwanza, kijidudu kitafuata

MPIMA SAMPULI (Kisumu)

Wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Tangu matokeo ya kidato cha nne yatangazwe nimepokea simu na jumbe za wazazi na vijana kutoka Nakuru, Kericho, Siaya na Busia, na karibu wote wanauliza jambo moja: je, mtoto akisomea mikrobiolojia ya chakula atapata kazi, na kazi yenyewe hasa ni ipi? Nimeona ni afadhali niandike mahali pamoja kuliko kumjibu mmoja mmoja. Nimeifanya kazi hii kwa miaka 19, kwanza katika kiwanda cha maziwa mjini Nakuru, kisha katika maabara ya samaki hapa Kisumu, na sasa katika maabara ya kibinafsi inayopima maji, unga, maziwa, njugu na karibu kila kitu kinachoingia kinywani mwa mtu.

Kwa asiyejua, hii ni elimu ya viumbe wasioonekana kwa macho, yaani bakteria, hamira, kuvu na virusi, kwa namna wanavyoishi ndani ya chakula. Wako wanaokiharibu, wako wanaomwua mlaji, na wako wanaotupatia maziwa lala, uji mchachu na mkate.

Niseme msimamo wangu mapema. Katika fani hii anayefaulu si yule aliyekariri majina mengi ya bakteria, bali ni yule anayekijua chakula chenyewe: kimetoka wapi, kimepita mikononi mwa nani, kimepashwa moto kiasi gani, na usiku kimelala wapi. Kijidudu hakianguki kutoka mbinguni. Kina mlango kilioingilia, na mtaalamu analipwa kwa kuutafuta mlango huo.

Kisa kimoja cha mwaka wangu wa tatu kule Nakuru kitaeleza vizuri kuliko maelezo yangu. Kila Jumatatu maziwa yetu ya pakiti yalikutwa na bakteria wa kundi la koliformi, ambao hawatakiwi kuonekana katika maziwa yaliyokwisha kupashwa moto hadi nyuzi 72 kwa sekunde 15. Kuanzia Jumanne hadi Jumamosi sahani zetu za kuoteshea bakteria zilikuwa safi. Wenzangu waliamini kwamba mashine ya kupashia moto imechoka. Hata hivyo, kipimo cha fosfatasi, ambayo ni kimeng'enya kilichomo katika maziwa mabichi na huharibika kwa joto lile lile, kilionyesha kila mara kwamba maziwa yamepashwa ipasavyo. Maana yake ilikuwa moja tu: bakteria walikuwa wakiingia baada ya moto, wala hawakuwa wakiuponyoka moto.

Nikaomba ruhusa niende mwenyewe Jumatatu alfajiri, saa 11, kabla pakiti ya kwanza haijajazwa, nikachukua sampuli hatua kwa hatua. Maziwa yaliyotoka kwenye mashine ya kupashia yalikuwa safi. Yaliyotoka kwenye tangi la kuhifadhia yalikuwa safi. Yaliyotoka kwenye mdomo wa mashine ya kujazia pakiti yalijaza sahani koloni, yaani vishada vya bakteria, za rangi ya zambarau hata sikuweza kuzihesabu. Fundi akafungua vali, akatoa mpira wa kuziba, kitu kidogo kisichozidi upana wa sarafu ya shilingi 20. Ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na nilipoukunja kwa vidole ufa ule ukafunguka, ndani yake mkawa na utando wa manjano wenye harufu ya maziwa yaliyovunda kwa siku nyingi. Siku za kazi vali ile ilipitiwa na maji ya moto kila jioni na mapema asubuhi, kwa hiyo bakteria hawakupata nafasi ya kuongezeka. Kuanzia Jumamosi jioni kiwanda kilikuwa kimefungwa, mashine ikakaa katika joto la kawaida hadi Jumatatu, na wachache waliobaki ndani ya ufa wakazaana. Bakteria kama Escherichia coli, akiwa na joto na chakula cha kumtosha, hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi, kwa hiyo mmoja anaweza kuwa zaidi ya milioni 2 katika muda wa saa 7.

Mpira ule haukugharimu hata bei ya kreti moja ya maziwa. Lakini hakuna kitabu nilichosoma chuoni kilichoniambia niulize kwa nini iwe Jumatatu. Swali hilo lilitoka kwa mzee aliyekuwa akiosha mashine, aliyejua saa ambazo kiwanda kinalala na saa ambazo kinaamka.

Karibuni mniulize, nami nitajibu ninayoyajua.

KIJANA WA MOLO

Dada Mpima Sampuli, nashukuru kwa maelezo haya. Nilipata B katika bayolojia na C+ katika kemia. Katika orodha ya kozi nimeona mikrobiolojia, sayansi na teknolojia ya chakula, na bayoteknolojia, na siwezi kuzitofautisha. Baba anataka nichague bayoteknolojia kwa sababu jina lake linasikika kuwa la kisasa. Mimi mwenyewe nilivutiwa na jambo hili kwa sababu ya nyanya yangu, ambaye hutengeneza mursik, yale maziwa ya kuchachusha ndani ya gibuyu, na tangu utotoni nimekuwa nikijiuliza kwa nini maziwa yake hayaozi ilhali ya jirani huharibika. Ungenishauri nini?

MPIMA SAMPULI (Kisumu)

Mdogo wangu, swali lako kuhusu mursik ya nyanya ni bora kuliko jina la kozi yoyote, nami nitalirudia hapa chini.

Kozi ya mikrobiolojia pekee hukufundisha viumbe hawa kwa upana: wa udongoni, wa majini, wa magonjwa, na kidogo wa chakula. Kozi ya sayansi na teknolojia ya chakula hukufundisha kemia ya chakula, mitambo, ukaushaji, ufungashaji, sheria za ubora na mikrobiolojia ndani yake. Bayoteknolojia huegemea zaidi upande wa vinasaba. Kwa mtu anayetaka kufanya kazi na chakula, mimi napendelea ashike shahada ya kwanza ya sayansi ya chakula au teknolojia ya maziwa, kisha ajikite katika mikrobiolojia kwenye shahada ya pili, kwa kuwa ni rahisi zaidi kumfundisha anayekijua chakula kuhesabu bakteria kuliko kumfundisha mhesabu bakteria jinsi kiwanda kinavyofanya kazi. Najua wenzangu wengine hawakubaliani nami.

Kwenu si mbali na Njoro. Chuo cha Egerton kilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1987, na kina idara ya maziwa na sayansi ya chakula. Jomo Kenyatta kule Juja na Chuo Kikuu cha Nairobi katika kampasi ya Kabete pia hufundisha sayansi ya chakula. Kama alama hazitatosha, usiidharau stashahada: pale Naivasha kuna taasisi ya mafunzo ya maziwa ambako mwanafunzi hushika maziwa kila siku, na nimewahi kufanya kazi na watu wa stashahada waliotambua tatizo la sampuli kwa harufu kabla sisi wenye shahada hatujamaliza kuvaa makoti. Kwa upande wa ziwa, chuo cha Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo kina kituo cha utafiti wa wadudu wanaoliwa. Watu wetu wa magharibi wamekula kumbikumbi tangu zamani, na suala la bakteria wanaokaa ndani ya mdudu anayekaushwa na kusagwa kuwa unga bado lina kazi nyingi ya kufanywa.

Kabla hujakubali nafasi, nenda chuoni kwa miguu yako siku ya juma, si siku ya sherehe, uwaulize wanafunzi wa mwaka wa tatu: kwa juma mnaingia maabara saa ngapi? Otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, inafanya kazi? Kila mwanafunzi humwaga sahani zake mwenyewe, au kundi la watu 12 humtazama mmoja akimwaga? Majibu hayo yatakuambia mengi kuliko kijitabu cha chuo. Na hiyo C+ ya kemia uifanyie kazi mapema, kwa maana kemia ndiyo inayowaangusha wengi katika mwaka wa pili.

Sasa mursik. Gibuyu la nyanya husafishwa, kisha husuguliwa ndani kwa kijinga cha mti wa senetwet hadi majivu na makaa yashike ukutani. Maziwa yaliyochemshwa na kupozwa hutiwa humo, na bakteria wa asidi ya laktiki waliobaki katika vinyweleo vya gibuyu huanza kula sukari ya maziwa na kutoa asidi. Asidi inapoongezeka, bakteria wengi wanaoozesha hushindwa kuishi. Jirani yako huenda ana gibuyu jipya, au analiosha kwa sabuni, au hachemshi maziwa kwanza. Hata hivyo, usidhani kwamba kila kilichochachuka ni salama: hamira nazo huingia katika gibuyu, na watafiti wamekuta pombe na asetaldehidi katika mursik, kemikali inayohusishwa na saratani ya umio, ugonjwa unaosumbua sana maeneo ya Bonde la Ufa. Ni jambo linalogusa vyakula vya nyumbani kwetu, na lingekuwa vyema lifanyiwe kazi na kijana aliyekua akinywa mursik, anayejua kuingia jikoni mwa nyanya kwa heshima na kuuliza bila kumdharau.

MWALIMU MSTAAFU (Kakamega)

Nimesoma kwa makini. Nataka kusema kwa niaba ya wazazi. Binti yangu alihitimu shahada ya mikrobiolojia miaka miwili iliyopita kwa alama nzuri. Alipeleka maombi katika hospitali nne, zote zikamrudisha, zikisema hana leseni. Tulikuwa tumeuza ng'ombe wawili kumsomesha, mbali na mkopo wa HELB ambao sasa anatakiwa kuulipa. Hakuna aliyetuambia habari ya leseni siku alipojiunga. Je, mnawavuta vijana wengine katika shimo lile lile?

MPIMA SAMPULI (Kisumu)

Mwalimu, pole sana, wewe na binti yako. Ulilolisema ni la kweli na linaumiza familia nyingi, kwa hiyo nitalieleza wazi ili asiwepo mwingine wa kushangaa.

Nchini Kenya kazi ya maabara ya tiba inasimamiwa na bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1999, na anayetaka kumpima mgonjwa hospitalini lazima awe amesomea sayansi ya maabara ya tiba katika kozi inayotambuliwa na bodi hiyo, kisha asajiliwe. Shahada ya mikrobiolojia, hata iwe nzuri vipi, haimpi mtu usajili huo. Anayetaka hospitali asome kozi ya hospitali tangu mwanzo. Vyuo vinapaswa kulisema jambo hili siku ya kwanza, na kutolisema ni kuwakosea wazazi.

Maabara ya chakula haihitaji leseni ile. Kinachohitajika ni ushahidi kwamba unaijua kazi. Binti yako asitafute tena hospitali. Aangalie viwanda vya maziwa vya Nakuru na Eldoret, viwanda vya samaki vya Kisumu, wasagaji wa unga, viwanda vya sukari, chai na vinywaji, maabara za kibinafsi, Shirika la Viwango, na taasisi za utafiti kama KEMRI iliyo Kisian. Katika mojawapo ya hizo aombe nafasi ya uanagenzi, hata kama ni ya miezi mitatu, na kama anaweza kuchagua, achague maabara iliyoidhinishwa na KENAS, shirika la Kenya la kuidhinisha maabara, kwa kiwango cha kimataifa cha maabara za upimaji, ISO/IEC 17025, kwa sababu huko atajifunza jinsi ya kuandika kumbukumbu za kipimo kwa namna ambayo mtu mwingine anaweza kuzifuata miaka mitano baadaye. Asome pia HACCP, mfumo wa kutambua na kudhibiti hatari katika kila hatua ya kutengeneza chakula, ulioanzishwa Marekani katika miaka ya 1960 wakati wa kuandaa chakula cha wanaanga, kwa kuwa karibu kila tangazo la kazi la kiwandani huutaja.

Na ningemshauri aangalie upande wa sumukuvu, ambayo sisi Kenya tumezoea kuiita aflatoksini. Mwaka 2004, kule Makueni na Kitui hasa, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yenye sumu hii, inayotengenezwa na kuvu aitwaye Aspergillus flavus. Kuusonga ugali vizuri hakuiondoi, maana joto la sufuria halitoshi kuivunja. Sheria yetu inaruhusu sehemu 10 tu katika bilioni, na Novemba 2019 Shirika la Viwango liliondoa sokoni aina tano za unga kwa kuvuka kiwango hicho. Tangu hapo wasagaji wanahitaji watu wa kupima kila lori.

Lakini hata hapa nitarudi pale pale. Mashine ya kupimia mtu anaweza kufundishwa kwa siku mbili. Kinachowashinda wengi ni gunia. Sumu hii haienei sawasawa. Punje chache zilizoota kuvu zinaweza kubeba karibu sumu yote ya gunia la kilo 90. Ukichoma bambo, ile bomba yenye ncha ya kuchotea nafaka ndani ya gunia, mahali pamoja, juu, karibu na mshono, utapata jibu zuri la gunia baya. Inabidi uchome sehemu nyingi, juu, katikati na chini, katika magunia mengi ya lori moja, usage sampuli yote, uichanganye, ndipo uchukue gramu chache za kupima. Nimewaona vijana wenye shahada wakichoma magunia matatu ya mlangoni kwa sababu ya jua kali, kisha wakaja kupima kwa uangalifu mkubwa kitu ambacho hakiwakilishi chochote.

MCHUUZI WA OMENA (Dunga)

Mimi si msomi, lakini nimesoma haya yote na nina neno. Nyinyi watu wa maabara mmekuja ufukweni kwetu mara nyingi. Mnatuomba omena, hawa dagaa wa ziwani, mnaitia katika mifuko midogo, mnaandika namba, mnaondoka. Sijawahi kuona mmoja wenu akirudi kutuambia alichokipata. Halafu tunasikia redioni kwamba omena yetu ni chafu, na wateja wanapungua. Kama mnawafundisha vijana kazi hii, wafundisheni kurudi.

MPIMA SAMPULI (Kisumu)

Mama, umesema kweli, na mimi ni mmoja wa waliokosa. Nilipokuwa katika maabara ya samaki nilichukua sampuli katika fuo tatu na ripoti yangu ikaenda ofisini, haikurudi kwa akina mama. Naomba radhi.

Niseme sasa kile ambacho ningepaswa kukisema wakati ule. Omena anapotoka ziwani, bakteria walio juu yake si wengi wa kutisha. Tatizo huanza anapomwagwa mchangani, mahali kuku wanapopita na mbwa wanapolala, na huongezeka mvua inapomkuta hajakauka. Omena aliyeanikwa juu ya wavu ulioinuliwa kwenye miti, kimo cha kiuno, hupata upepo juu na chini, hukauka upesi, na haguswi na kinyesi. Kukauka upesi ndiyo siri yote, kwa sababu bakteria hahitaji chakula tu, anahitaji maji pia. Omena akikauka hata akivunjwa anatoa mlio, bakteria hawawezi tena kuongezeka. Lakini waliokwisha kuingia hawafi wote. Salmonella anaweza kukaa kimya katika kitu kikavu kwa muda mrefu. Ndiyo maana wavu una faida kuliko kumrudisha juani omena aliyekwisha kulowa. Na mteja wako mwambie amchemshe au amkaange vizuri, asimle mkavu.

Vijana wajue pia kwa nini maabara za samaki zilijaa hapa Kisumu. Mwaka 1997 Hispania na Italia zilikuta Salmonella katika minofu ya sangara iliyotoka Ziwa Victoria, na mwishoni mwa mwaka huo Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku samaki wabichi kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji kwa hofu ya kipindupindu. Marufuku hiyo iliondolewa katikati ya 1998, nyingine ikaja 1999 kwa hofu ya dawa za kuua wadudu. Wavuvi ambao hawajawahi kuona sahani ya maabara walikosa riziki kwa sababu ya matokeo ya maabara. Ninapomfundisha mwanagenzi humweleza jambo hili siku ya kwanza, ili ajue kwamba namba anayoiandika ina watu nyuma yake.

AFISA WA AFYA (Nakuru)

Dada, nakuheshimu, lakini naona unakipunguza kijidudu kuliko inavyostahili. Tazama Listeria. Bakteria wengi hulala katika jokofu, ila huyu huendelea kukua hata kwenye baridi ya nyuzi 4. Mtu anayekijua chakula tu angesema nyama iliyo katika jokofu iko salama. Afrika Kusini, kati ya 2017 na 2018, watu zaidi ya 1,000 waliugua na zaidi ya 200 wakafa, wakiwamo watoto wachanga wengi, na chanzo kilipatikana kwa kusoma vinasaba vya bakteria wale na kuona kwamba wengi ni wa ukoo mmoja. Hiyo ni kazi ya mtu wa mikrobiolojia halisi. Mimi ningemwambia kijana asome mikrobiolojia kwanza.

MPIMA SAMPULI (Kisumu)

Kaka, hoja yako ina uzito, na nakubali sehemu yake: bila kuijua tabia ya Listeria, hakuna ambaye angeitafuta ndani ya jokofu. Kijana asiyependa viumbe hawa kwa dhati asije huku.

Lakini kumbuka jinsi mlango ulivyopatikana. Vinasaba viliwaambia kwamba wagonjwa wengi wameambukizwa na ukoo mmoja. Havikuwaambia ni chakula gani. Ilikuwa Januari 2018, watoto wa shule ya chekechea moja ya Soweto walipougua tumbo, ndipo maafisa wa afya walipokwenda pale shuleni, wakafungua friji, wakachukua polony, aina ya soseji nene, iliyokuwamo. Kutoka kwenye polony hiyo wakafika kiwandani, na ukoo ule ule ukakutwa huko. Aliyefungua friji na aliyesoma vinasaba walihitajiana. Kama una uwezo wa kuwa wote wawili, hutakosa kazi.

MWANAGENZI (Eldoret)

Nami niulize, ingawa naogopa. Niko uanagenzini kiwandani. Juma lililopita msimamizi aliniambia niandike hesabu ya bakteria baada ya saa 24, ilhali kanuni tuliyopewa ni saa 72 katika nyuzi 30, kwa sababu gari la kwenda Nairobi lilikuwa linasubiri. Nikaandika. Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

MPIMA SAMPULI (Kisumu)

Mdogo wangu, asante kwa kulisema. Nitakueleza yaliyonipata mimi, bila kutaja mahali.

Nilikuwa na miezi 14 kazini. Nilikuwa nimemwaga sahani zangu kama kawaida: nikazimua sampuli mara 10, tena mara 10, tena mara 10, nikajaribu joto la chupa ya agari, ule uji wa kuoteshea bakteria unaoganda, kwenye kiwiko cha mkono, nikamwaga, nikazungusha taratibu, nikaacha zigande. Tulifundishwa kuhesabu sahani yenye koloni kati ya 30 na 300, ukiweka nukta ya kalamu chini ya kila moja ili usirudie. Sahani zangu zilikuwa bado ndani ya inkyubeta, kabati la joto la kuoteshea, nilipoambiwa niandike "chini ya 10" na kutia sahihi. Nilikataa. Nilihamishwa kwenda sehemu ya kufungasha, nikapanga makatoni kwa miezi minne, na hakuna aliyenitetea. Nilirudishwa maabara mnunuzi alipokuja kukagua na kuomba sahani za siku ile, zikakosekana.

Sikuambii haya ili ujione mwoga. Wewe ni mwanagenzi, na mzigo ule haukuwa wako. Unachoweza kufanya sasa ni hiki: kama sahani zile bado zipo, zisubiri hadi saa 72, uzihesabu, uandike matokeo ya kweli kwenye daftari pamoja na tarehe na saa, na ueleze kwamba hesabu ya kwanza ilisomwa baada ya saa 24. Usifute ya kwanza. Pigia mstari mmoja ili isomeke. Kisha mpe msimamizi nakala. Siku nyingine ukiambiwa uharakishe, andika "imesomwa saa 24" kando ya namba. Ukiandika hivyo umesema kweli, na anayetaka kulituma gari atalituma kwa sahihi yake mwenyewe.

MWALIMU MSTAAFU (Kakamega)

Nimemsomea binti yangu maneno haya. Amesema kesho ataandika barua mbili, moja kwa msagaji wa unga aliyeko Bungoma na nyingine Kisian. Ameniuliza pia kama bambo linauzwa mjini Kakamega.

MPIMA SAMPULI (Kisumu)

Mwalimu, aulize kwa wanaonunua mahindi kwa jumla, wao ndio wenye nalo. Mafundi wa mabati pia hulitengeneza. Ahakikishe tu kwamba lina urefu wa kufika katikati ya gunia.

KIJANA WA MOLO

Dada, swali langu la mwisho. Chuo kitafunguliwa baada ya miezi kadhaa. Sina hadubini wala vitabu. Nifanye nini wakati huu?

MPIMA SAMPULI (Kisumu)

Hadubini haitakusaidia sana kwa sasa. Tafuta kituo cha kukusanyia maziwa kilicho karibu nanyi, uombe ruhusa ya kusaidia kupokea, hata bila malipo, kwa majuma matatu. Fika saa 12 asubuhi. Chukua daftari, na kwa kila mtungi unaofika andika saa, umbali uliotoka, kama ni wa alumini au wa plastiki, na kama maziwa yalikamuliwa asubuhi ile au yalilala. Watakuonyesha kipimo cha alkoholi: maziwa kiasi na alkoholi kiasi hicho hicho katika chupa ndogo, unatikisa, na yakionyesha chembechembe ukutani mwa chupa yanarudishwa. Andika pia yaliyorudishwa. Usimlaumu mkulima yeyote mbele ya watu. Juma la tatu kaa chini ulinganishe, utaona majina yale yale yakijirudia, na utaanza kujiuliza kwa nini ni hao na kwa nini ni siku hizo.

KIJANA WA MOLO

Kituo kiko kilomita moja na nusu kutoka nyumbani. Mama hupeleka lita 6 kila siku, na mwezi uliopita yalirudishwa mara mbili. Nitaanza Jumatatu.

MPIMA SAMPULI (Kisumu)

Basi leo jioni anza na mtungi wa mama. Toa ule mpira wa kifuniko, uukunje, utazame upande wa ndani, kisha uunuse.